Majibu ya unga wa watu yanasubiri jarida: niseme au ninyamaze?

BARUA

Shikamoo Mwalimu,

Mimi ni mhadhiri msaidizi katika chuo kimoja cha umma hapa Tanzania, nafundisha huku nikisoma shahada ya uzamivu. Mwaka juzi nilizunguka vijiji vya wilaya moja ya kanda ya kati nikikusanya mahindi na unga wa dona kutoka kwenye kaya zenye watoto wadogo, ili nipime sumukuvu, ile sumu inayotengenezwa na kuvu kwenye nafaka. Akina mama walinipokea vizuri mno. Wengine walinipimia unga wakati debe lenyewe lilikuwa limebaki chini kabisa. Fomu ya ridhaa niliyowasomea ilisema majibu yatarudishwa kwao. Sentensi hiyo niliiandika mwenyewe.

Majibu yalitoka. Sitaweka takwimu hapa, ila kuna kaya ambazo unga wao ulipita kiwango kinachoruhusiwa kwa mbali, na baadhi yao ndio wenye watoto walioanza kula uji.

Tukaandika makala, mimi na msimamizi wangu, tukaituma kwenye jarida moja la Ulaya. Ukafuata ukimya mrefu. Kila nikiingia kwenye mfumo wao nilikuta maneno yaleyale, kwamba makala iko kwa wahakiki, yaani wataalamu wanaoipima kabla haijachapishwa. Mwezi uliopita ndipo maoni yalipokuja. Mhakiki wa kwanza ameridhika, anataka turekebishe majedwali tu. Wa pili kajaza kurasa. Anasema tumetegemea ELISA peke yake, kipimo cha kuchuja sampuli, anataka sehemu ya sampuli irudiwe kwa HPLC, kipimo cha mashine chenye uhakika zaidi. Anasema kaya tulizopima hazitoshi kuisemea wilaya nzima. Mwisho kabisa kaongeza kwamba Kiingereza chetu kinahitaji kupitiwa na mzawa wa lugha hiyo. Nililia, Mwalimu, sikufichi.

Wakati huohuo redio ya jamii ya kule wilayani imesikia habari za utafiti kupitia kwa afisa kilimo, inaniita kwenye kipindi chake cha asubuhi. Mama mmoja niliyemwachia namba hunipigia: "Mwanangu, ule unga wetu ulisemaje?" Mara ya mwisho sikupokea. Prof, yaani msimamizi wangu, naye kasema nisithubutu kufungua mdomo mpaka makala itoke, kwa sababu jarida likisikia tumetangaza litaitupa, na kwamba utafiti usiohakikiwa bado si utafiti. Akanikumbusha na yaliyompata mkurugenzi wa NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa, mwaka 2016.

Halafu kuna barua pepe. Imeniita Profesa Mheshimiwa, mimi ambaye hata udaktari sijaupata. Wanaahidi kuhakiki na kuchapisha ndani ya siku tano kwa dola 150. Mwenzangu tunayekaa naye ofisi moja kachapisha huko, pointi zikahesabiwa, kapanda daraja. Nikichapisha kwao, Prof hatakuwa na la kunizuia, redioni nitakwenda na akina mama watapata majibu yao. Nikifanya hivyo nakosea wapi?

Binti yako,
Mwenye Sampuli Kwenye Friza

JIBU

Marahaba, binti yangu.

Mpigie yule mama leo. Huna haja ya kumtajia namba yoyote kwenye simu. Mwambie majibu yapo, utarudi kijijini kuyaeleza, na asikusubiri wewe ndipo aanze kuchambua mahindi yake. Mazungumzo hayo hayavunji sheria ya jarida lolote duniani.

Kuna jambo umelipita haraka kwenye barua yako. Unga uliopima ni wa mwaka juzi. Umeshaliwa. Uji wake umeshanywewa, na hakuna makala itakayoutoa tumboni. Kinachoweza kuokolewa ni mahindi yatakayovunwa msimu ujao, na mkulima atayafanyia uamuzi yakiwa bado shambani na uani: lini avune, ayaanike juu ya nini, ayahifadhi wapi. Kwa hiyo swali lako la kusema au kunyamaza lina tarehe ya mwisho, na tarehe hiyo haipangwi na mhariri. Kanda yenu inajua gharama yake. Mwaka 2016 sumukuvu iliwapata watu 68 huko Dodoma na Manyara, takriban 20 kati yao wakafa. Kenya mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na jirani zake, wagonjwa walikuwa 317 na vifo 125.

Sasa Prof. Hajakudanganya, ila amekupa nusu ya habari. Ni kweli majarida mengi hayapendi kuchapisha kilichokwisha kutangazwa. Sharti hilo lilipata umaarufu mwaka 1969, pale Franz Ingelfinger, mhariri wa New England Journal of Medicine, alipotangaza kwamba hatapokea makala ambayo maudhui yake yameshachapishwa kwingine. Wahariri wengine wakalichukua, na wasimamizi wamelirithishana mpaka limekuwa kubwa kuliko lilivyozaliwa. Nusu ambayo hukuambiwa ni kwamba kamati ya kimataifa ya wahariri wa majarida ya tiba, ICMJE, haihesabu taarifa inayopelekwa kwa mamlaka kwa ajili ya afya ya umma kuwa ni uchapishaji wa kwanza, na kuwasilisha matokeo kwenye mkutano wa kisayansi hakuifungii makala mlango. Kumrudishia mtu jibu la unga wake mwenyewe ni jambo dogo kuliko yote hayo. Kama bado una wasiwasi, mwandikie mhariri mistari michache: tulichukua sampuli kwa kaya hizi, tuliahidi kwenye fomu ya ridhaa kurudisha majibu, tunakusudia kuyarudisha kwa kaya na kwa halmashauri kabla ya mavuno, na hatutatoa majedwali kwa vyombo vya habari. Mpe Prof asome kabla hujatuma. Jibu la maandishi la mhariri litamtuliza kuliko hoja zako zote, na yeye atabaki na heshima yake ya kuwa mwandishi mwenzako.

Kuhusu NIMR, sitakwambia kwamba hofu ya Prof haina msingi. Desemba 2016 Dk. Mwele Malecela, aliyekuwa mkurugenzi mkuu wa taasisi hiyo, aliwaeleza waandishi wa habari kwamba virusi vya Zika vimeonekana kwenye sampuli zilizopimwa. Serikali ikasema nchini hakuna mlipuko wa Zika, na uteuzi wake ukatenguliwa. Baadaye alikwenda WHO akaongoza idara ya magonjwa yaliyosahaulika ya nchi za joto, hadi alipofariki mwaka 2022. Kila mtafiti wa rika la Prof wako anaikumbuka wiki ile. Mimi naikumbuka pia, na sioni kama inatufundisha kunyamaza. Inatufundisha kuangalia karatasi inaanzia mezani kwa nani.

Kumbuka ulivyoingia vijijini. Chuo kilikupa barua ya utambulisho ukaipeleka kwa Katibu Tawala wa Mkoa, ikashuka kwa mkurugenzi wa halmashauri, ikafika kwa mtendaji wa kata, ndipo mtendaji wa kijiji akakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji na kwa akina mama. Majibu yarudi kwa njia hiyohiyo. Andika kurasa mbili za Kiswahili, zenye sahihi yako na ya Prof, nakala moja kwa mkurugenzi, nyingine kwa mganga mkuu wa wilaya, nyingine kwa afisa kilimo. Omba ruhusa ya kurudi vijijini kutoa mrejesho. Na kama kibali chako cha maadili kilitoka NIMR, kitoe kwenye faili ukisome upya, kwani miongoni mwa masharti yake kuna kuomba ruhusa kabla ya kuchapisha. Watu hubandika cheti hicho kwenye kiambatisho cha tasnifu bila kukisoma hadi chini.

Ukiwa mbele ya kaya, usitoe jibu kama hukumu. Wewe unajua, na mhakiki wako wa pili anajua, kwamba sumukuvu haikai sawasawa kwenye gunia. Punje chache hubeba sehemu kubwa ya sumu, kwa hiyo bakuli moja la unga linaweza kumpendelea mtu au kumwonea. Mwite mama pembeni, mweleze kwamba unga ule wa wakati ule ulizidi, kwamba huenda gunia la jirani nalo lilikuwa hivyohivyo, kisha mtumie muda wenu kuzungumzia ghala lake. Usisome majina kwenye mkutano wa kijiji.

Nimemtaja mhakiki wa pili, na hapa hutanipenda. Kwenye mambo mawili ana haki. ELISA ni kipimo kizuri cha kuchuja sampuli nyingi kwa gharama nafuu, lakini huweza kushika vitu vingine vinavyofanana na sumukuvu kikakupa namba kubwa kuliko ilivyo. Kurudia sehemu ya sampuli kwa HPLC, hasa zile zilizo juu na zile zilizo karibu na mstari wa kiwango, ndiko kutakakokupa ujasiri wa kumtazama mkurugenzi wa halmashauri machoni. Na kuhusu wilaya nzima, hapo badilisha maneno tu. Popote ulipoandika wilaya, andika kaya tulizozipima. Makala itapungua ukubwa na itakuwa ngumu kupingwa. La Kiingereza ni ukosefu wa adabu, wengi limewakuta, na dawa yake ni sentensi moja kwenye barua ya majibu: lugha imepitiwa upya. Usibishane naye.

Barua hiyo ya majibu iandike hivi. Nakili kila hoja ya mhakiki kama alivyoiandika, hata iliyokuudhi, kisha chini yake eleza ulichofanya, ukurasa gani, mstari wa ngapi. Usilokubaliana nalo, sema hukubaliani na kwa nini, kwa sauti ya mtu aliyelala usiku mmoja kabla ya kuandika. Mhariri hasomi makala yako upya yote. Anasoma barua hiyo. Muda waliokupa usipotosha kwa HPLC, omba uongezwe. Huombi hisani, ni jambo la kawaida. Na ule ukimya wao mrefu usiuone kama dharau. Wahakiki hawalipwi, na mhariri huwaandikia wengi ndipo akapata wawili wanaokubali.

Ila ile kauli kwamba utafiti usiohakikiwa si utafiti, mrudishie Prof kwa upole. Uhakiki unapunguza makosa, hautoi cheti cha ukweli. Tarehe 22 Mei 2020 jarida la The Lancet, lenye wahakiki wa kuheshimika, lilichapisha makala kuhusu dawa ya hydroxychloroquine kwa wagonjwa wa korona, kwa data za kampuni ya Surgisphere. Wanasayansi wengine wakazitilia shaka namba zake, zikiwemo zilizodaiwa kutoka hospitali za Afrika: wagonjwa wengi mno, wenye kumbukumbu za kielektroniki za kina ambazo sisi tunaozijua wodi zetu tungezishangaa kwa mtazamo wa kwanza. Tarehe 4 Juni makala ikaondolewa. Wahakiki walikuwa wameipitisha. Walioikamata ni wasomaji.

Nije kwa hawa wa siku tano. Unauliza unakosea wapi. Kwanza, makala yako iko mikononi mwa jarida jingine. Kuituma kwingine kabla ya kuiondoa rasmi ni kosa la kitaaluma, na hilo peke yake linatosha kukuharibia jina. Pili, siku tano haziwezi kutosha. Mhakiki mmoja tu kukubali kusoma mara nyingi huchukua zaidi ya hapo. Mwaka 2013 John Bohannon, akiandikia jarida la Science, alitunga makala ya uongo yenye makosa ambayo mhakiki makini angeyaona mara moja, akaituma kwa majarida 304. Hadi anachapisha habari yake, 157 yalikuwa yameipokea. Baadhi yalikuwa kwenye DOAJ, orodha ya kimataifa ya majarida yanayosomwa bure, na mwaka uliofuata DOAJ ikakaza masharti na kuyataka majarida yote yaombe upya kuingia. Ukitaka kuwapima hawa waliokuandikia, chukua majina mawili ya bodi yao ya uhariri, tafuta barua pepe zao kwenye tovuti za vyuo vyao, uwaulize kama wanafanya kazi na jarida hilo. Utashangaa wangapi hawajui kwamba wamo.

Tena makala ikishatoka huko, hutaweza kuipeleka kwenye jarida la maana, na ukitaka kuitoa watakudai pesa. Siku mganga mkuu wa wilaya atakapompa mtaalamu wa wizara makala yako, huyo mtaalamu ataangalia jina la jarida kabla ya jedwali la kwanza, na kaya zako zitakosa mtetezi. Mwenzako kapanda daraja, sawa. Kamati za kupandisha vyeo nazo zinajifunza kusoma majina ya majarida, na sitaki uwe kwenye faili wanalojifunzia. Kama tatizo ni ada, majarida mengi ya wachapishaji wakubwa husamehe au hupunguza ada kwa waandishi wa nchi zilizo kwenye Research4Life, mpango wa kuzisaidia nchi zenye kipato kidogo kupata majarida. Omba mapema.

Sasa redio. Nenda, ukishapeleka karatasi halmashauri, na ikiwezekana mwende na afisa kilimo mkae naye studio. Usiende na matokeo yako. Nenda na yale yanayojulikana tayari kuhusu sumukuvu, ambayo hayahitaji ruhusa ya jarida lolote. Vijiji usivitaje. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa sababu ya sumukuvu, na ingawa zuio halikudumu, lililegezwa kwa masharti mapya. Ukitaja kijiji redioni, dalali atasikiliza kipindi chako kwa makini kuliko mtu yeyote, na kesho yake bei ya gunia hapo itaanguka.

Mtangazaji atakuuliza kiwango kinachoruhusiwa ni kipi. Ukisema sehemu 10 katika bilioni, umempoteza. Mwambie hivi: chukua sumu yenye uzito wa punje moja ya mahindi, isambaze kwenye semitrela iliyobeba tani 30. Hapo ndipo mwisho wa kiwango. Lakini usiishie hapo, maana msikilizaji atasema kumbe ni kidogo hivyo. Ongeza palepale kwamba kidogo hicho, mtu akila kila siku kwa miaka, huongeza hatari ya saratani ya ini, na kikiwa kingi kinaweza kuua kwa muda mfupi.

Kisha simu zitaingia. Wa kwanza atauliza kama kuchemsha kunaua. Mjibu: kuvu hufa, sumu hubaki. Wa pili atauliza, kwa hiyo tuache dona tule sembe? Hapa jihadhari, kwa sababu ukijibu vibaya utakuwa umewanyima watoto virutubisho. Sema kwamba kukoboa kunapunguza sumukuvu, kwa kuwa sehemu kubwa hukaa kwenye ganda na kiini, lakini mahindi mabovu yaliyokobolewa bado ni mabovu. Waanze kwa kuchambua: yaliyovunjika, yaliyobadilika rangi, yaliyotobolewa na wadudu, yote kando. Na hayo ya kando yasiende kwa kuku wala kwenye pombe, na ng'ombe wa maziwa asipewe, maana sumu hutokea kwenye maziwa. Hilo la pombe litaleta kelele studio. Liseme hivyohivyo.

Na toa kitu ambacho mtu anaweza kukifanya jioni ileile. Mwambie achukue chupa kavu ya kioo, atie mahindi kiasi na chumvi kavu kijiko kimoja au viwili, aitikise, aiache dakika kumi na tano. Chumvi ikigandia kwenye chupa, mahindi hayajakauka, yarudi juani, juu ya turubai, si juu ya udongo. Isipogandia, yanaweza kuingia ghalani. Mwenye uwezo anunue mifuko isiyopitisha hewa, ile ya PICS, na ajue kwamba mahindi mabichi ndani ya mfuko huo yanaharibika pia.

Mtangazaji akikubana useme umegundua nini, mjibu kwamba majibu ya kila kaya utayarudisha kwa kaya yenyewe na ya jumla yako halmashauri. Akikubana tena, rudia maneno hayohayo.

Kuhusu HPLC, kwanza nenda kwenye friza uhesabu sampuli zipi zimebaki na gramu ngapi kila moja, na kama umeme uliwahi kukatika muda mrefu, andika. Kama chuo chenu hakina mashine inayofanya kazi, niandikie tena na hesabu hiyo mkononi tuone ni maabara gani ya kuombea nafasi.

Mwalimu